Betri Iliyokuwa Ikilala Matangani

Mwanangu Koku,

Utashangaa kupewa barua na mtu unayelala naye nyumba moja. Ningeweza kukuambia haya nikikusaidia kukunja mashuka, lakini sisi wawili tukisemezana Kinyambo mimi nina haraka ya mdomo, na wewe umeurithi mdomo huohuo, na tungenuniana kabla sijafika popote. Kiswahili nakiandika polepole. Nilijifunza kukiandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mpaka leo kila neno linanisubirisha. Safari hii nataka kusubirishwa.

Sitasema habari za kula, wala za kanisa, wala za vijana wa Mabira unakohamia. Hayo baba yako amekuhubiria tangu Jumapili, na wewe umemwitikia "ndiyo baba" kwa ile sauti yako ya kufunga mazungumzo. Mimi nataka tuzungumze betri.

Juzi wakati wa kula baba yako alikuwa na furaha zake. Alisema gari la kesho litasimama Omurushaka, na pale utashuka uchague betri ya kwenda na ile paneli aliyokupa, ili cherehani yako isilale jua likizama. Akaanza kuisifu ile betri iliyofungwa kabisa, isiyodai maji. Mimi nikasema labda uchukue na ndogo pembeni, ya kuazima watu. Ukaacha kula. Hukupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Ulisema, "Betri yangu haitatoka nyumbani kwangu, hata akifa nani. Wiki ya mtihani wangu ulimpa mwanga mtu ambaye si hata ndugu yetu, na hujawahi kuniambia kwa nini." Baba yako akakohoa. Mimi nikaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Ni kweli, sijawahi. Sitaki uondoke na swali hilo mkononi, kwa sababu nakujua. Utalijibu mwenyewe, halafu utaishi kwa jibu hilo kule ambako hakuna wa kukubishia. Lakini nivumilie nianze mbali, kwa maana bila mwanzo hutaona nilikuwa mtu wa namna gani siku ile.

Paneli ya kwanza ilikuja kwa sababu ya mabenchi. Baba yako alitengeneza mabenchi yote ya kanisa, na padri mgeni aliyekuwa anarudi kwao akamwachia paneli kama shukrani. Wewe ulikuwa bado mtoto wa kubebwa. Paneli ilikaa ndani imefunikwa kitenge miezi mingi, maana hatukuwa na kitu cha kuwekea umeme wake. Jua linatoa mchana na sisi tunataka usiku, na katikati pale panahitaji chombo. Baba yako akapata betri ya lori la kahawa lililoharibikia njiani. Akaileta kwa baiskeli, akaiweka chini ya dirisha, akaunganisha taa ya tyubu, na jioni ile uani kwetu Ihanda palijaa watu waliokuja kuona. Mimi nilijifanya sioni ajabu yoyote. Nilipita na kurudi nikibeba sufuria tupu ili wanione nikitembea kwenye mwanga.

Fundi betri wa Omurushaka alimwonya baba yako mapema. Alimwambia betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja, kuisukuma injini iwake, na injini ikishawaka inairudishia betri papo hapo ilichotoa. Vibamba vyake vya ndani ni vyembamba, kwa ajili ya kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiifanya itoe kidogokidogo mpaka ikauke, kisha ukaiacha hivyo, vibamba vinaota unga mweupe na hapo umeiua. Baba yako alinisimulia haya akicheka. Na mimi nilicheka. Betri ni betri, tulisema, na hii imewaka.

Kama tungeitumia wenyewe tu, labda ingedumu. Lakini ile ilikuwa miaka ya ugonjwa. Wewe unaikumbuka kwa namna ya watoto, kwamba mlikuwa mnakula sana bitoke vya msibani, zile ndizi za kupika. Mimi naikumbuka kwa jembe, kwa sababu mtu akifa jembe linawekwa chini, hakuna anayelima, na miaka ile jembe langu lilikuwa limewekwa karibu kila mara. Tukimaliza matanga upande huu wa kilima, tunasikia kilio upande wa pili. Na kila palipokuwa na matanga, kijana wa nyumba hiyo alikuja na baiskeli kuomba mwanga. Ungemwambia nini? Betri ilifungwa kwa kamba za mgomba kwenye keria, tyubu nikaizungushia kanga isivunjike, ikaenda. Watu walilala kwenye nyasi msibani, na betri yetu ililala nao.

Sasa sikiliza kosa letu, kwa maana sidhani kama watu wa kwingine wangelifanya. Moto wa msibani hauzimwi. Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kuondoa matanga, kuna mtu wa kuongeza kuni, na akisinzia ukazimika ni aibu ya ukoo mzima. Tulipopata mwanga wa betri tukautendea kama moto. Nani angethubutu kuinuka mbele ya waliofiwa akabonyeza swichi? Taa iliachwa iwake mpaka yenyewe igeuke nyekundu, kisha kahawia, kisha basi. Asubuhi betri inarudi kwangu haina kitu, na kama ni wakati wa mvua inakaa hivyo siku nzima na nyingine, jua lenyewe linachungulia na kujificha. Tulikuwa tunaiua kwa heshima.

Ya lori ikafa. Tukapata ya pili, nayo ya gari, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo na kwa sababu mtu mmoja aliweza kuibeba. Nilipokwenda kumwonyesha fundi ile ya kwanza, aliichungulia matundu yake akaniuliza kama kwetu tuna watoto wengi wanaosoma usiku. Nikasema hapana, tuna misiba mingi. Akafuta mikono, akaniambia, "Mama, hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa njaa."

Wewe unadhani nilikuwa naazima kwa sababu ya moyo mzuri. Watu wengi wanadhani hivyo, na mimi nimewaacha wadhani. Mara nyingi niliazima kwa kuogopa maneno. Nilikuwa naogopa wanawake wa kisimani. Kijana akija na baiskeli, mimi nilishaanza kufungua nyaya kabla hajamaliza shikamoo, kumbe moyoni namlaani yeye na marehemu wake. Nikifikiri sasa, hapo ndipo nilipokuwa mjinga, kwa maana mtu anayetoa kwa hofu hajui aseme nini kuhusu kile anachotoa. Sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba mwanga huu una mwisho, wakifika kiasi fulani wauzime. Ningeonekana mchoyo.

Baada ya mtihani wako nikageuka. Nitaufikia mtihani, usinikimbize. Nilimwambia baba yako sitaki tena betri ya gari, nataka ile hasa ya sola, ya vibamba vinene, na kama zipo za ukubwa mbalimbali nataka nzito kuliko zote. Alidhani nataka nguvu. Fundi naye alidhani hivyo, akanisifu kwamba mama huyu ameelewa. Mimi nilitaka uzito. Nilitaka kitu ambacho kijana na baiskeli yake hawawezi kukichukua.

Unakumbuka ilivyoletwa, wanaume wawili wakiishika huku na huku, wakipumzika kila hatua chache. Baba yako akaitengenezea sanduku lenye matundu karibu na dirisha, kwa sababu ikichajiwa inatoa hewa yenye kuwasha pua na isiyotaka moto karibu. Nikawa mtumishi wake. Nilijifunza kuitia maji safi ya betri ya dukani, siyo ya mvua yaliyopita kwenye bati wala ya kisimani hata yakiwa meupe namna gani. Nilijifunza kufuta chumvi kwenye vichwa vyake na kuvipaka mafuta mazito. Nilijifunza kutoivusha nusu, kwa maana hata ile ya vibamba vinene inataka uishie nusu, mchana uirudishie. Haikufa. Mpaka leo inawaka, na mwanga wake ndio ninaouandikia.

Kijana akija na baiskeli, nilimpeleka mpaka kwenye sanduku nikafungua mfuniko. Aliitazama, akaitazama baiskeli yake, akashukuru, akaondoka. Raha niliyoipata sitakuficha, Koku. Nililala usingizi mzuri. Wewe ulikaa mezani ukishona vitambaa vyako vya chuo cha parokia, mimi nikakaa upande huu nikichambua maharage, na nikasema hii sasa ndiyo nyumba.

Ukafika msiba wa Ma Anjelina. Yeye hakufiwa na mtu wa mbali, alimzika kifungua mimba wake. Wewe unajua mimi na yeye tumetoka wapi. Alinisaidia kukuzaa. Nilikwenda kwake nikiwa na kibatari mkononi kama watu wote, nikakaa kwenye nyasi, nikalia, na hakuna aliyeniuliza kitu. Ukoo wao ni mkubwa, watu walijaa, hakukosa lolote kwa sababu yangu. Nilijiambia hivyo, na ilikuwa kweli.

Lakini baada ya matanga hakupita tena kwetu jioni. Zamani alikuwa anapita akitoka shambani, anasimama mlangoni, tunasengenya kidogo. Nikamvizia kisimani nikamuuliza nimemkosea nini. Akanijibu bila hasira, huku akifunga mtungi wake kwa majani, "Waitu, mwenzangu, hujanikosea. Nyumba yako siku hizi ina mwanga wa kujionea wenyewe." Akajitwika akaenda. Nilibaki pale na ndoo yangu. Nilitaka kumwita nimwambie habari ya vibamba na nusu na njaa, halafu nikaona kwamba hayo yote ni kweli na hayajibu alichosema.

Nilikaa na neno lile muda mrefu. Mwishowe nikamtuma baba yako aniletee betri ndogo ya pikipiki, ambayo hata mtoto anaweza kuibeba kwapani, na tyubu fupi. Jua likiwa kali, kubwa ikishashiba, namuunga huyo mdogo naye ashibe. Hiyo ndiyo inayokwenda msibani. Haiwezi kukesha, inatosha jioni tu, wakati wa kupokea wageni na kupakua chakula. Na ilinipasa kujifunza kitu kigumu kuliko maji na mafuta mazito, nacho ni kusema. Msiba wa kwanza iliokwenda nilikwenda nayo mwenyewe. Watu walipomaliza kula niliinuka mbele ya wazee nikasema mwanga huu mwisho wake ni hapa, tuongeze kuni, na kesho utarudi. Nikabonyeza. Kwenye giza lile mzee mmoja akaanza kunung'unika kwamba tangu lini mwanamke anazima mwanga wa msiba. Ndipo nikasikia mtu anatupa gogo motoni, cheche zikaruka, nikaona ni Anjelina. Akasema, "Moto ndio huu. Mwacheni akae." Nikakaa karibu naye. Tangu hapo amerudi kusimama mlangoni.

Basi, hizo ndizo betri zangu. Ile iliyofungwa ambayo baba yako anaipenda siyo mbaya. Haimwagiki kwenye gari, haitaki maji, itakufaa kwa chumba cha kupanga. Ila haipendi kushibishwa kupita kiasi, na kwa sababu haifunguki, ikishakauka huna pa kuinyweshea. Ukiichukua, hakikisha fundi anakufungia na kile kisanduku cha kukata chaji. Ile yenye vifuniko ina usumbufu wa kila mara lakini inakusamehe. Ya gari achana nayo, hata kama ndiyo rahisi kupatikana, isipokuwa ukinunua gari. Nimeandika haya kwa furaha kabisa, na ningeweza kuendelea mpaka karatasi iishe, kwa sababu ninaogopa kuandika linalofuata.

Nestori.

Ulikuwa na haki kusema si ndugu yetu. Alitoka Burundi na mkewe Skolastika, wakapata kibanda mwisho wa shamba la watu, akapalilia kahawa za kila mtu ikiwa ni pamoja na zetu. Kanisani walikaa benchi la nyuma. Wiki ile Skolastika alishikwa na homa, akafa. Nestori alikuja kwetu kumwomba baba yako mbao za jeneza. Hakuomba mwanga. Hata hakuutazama, na ulikuwa unawaka, wewe ukiwa chini yake na madaftari yako. Alisimama mlangoni akisema mbao zozote, hata zile zilizopinda.

Nilimfuata mpaka kwake kuwasaidia kumwosha marehemu. Nikakuta wanawake wawili tu, nao ni Warundi wenzake. Jua lilikuwa linazama. Hakuna aliyekuwa amekata nyasi za kulalia, hakuna aliyeleta mkungu, hakuna moto uani. Watu hawakuwa wabaya, Koku. Walikuwa wamechoka. Walikuwa wamezika mpaka machozi yamewaisha, na mgeni asiye na ukoo ndiye wa kwanza kuachwa mtu anapochoka. Mtoto wao mdogo alikuwa amekaa mlangoni akitazama njia kuona nani anakuja, na njia ilikuwa tupu. Ile mara moja sikuogopa wanawake wa kisimani, kwa sababu hakuna ambaye angenisema. Hakuna ambaye angejua.

Nikarudi nyumbani nikaanza kufungua nyaya. Ukasema, "Mama, mtihani." Nikasema, "Najua." Ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya jambo hili.

Baba yako aliibeba. Tulifunga tyubu kwenye nguzo ya kibanda, na kwa kuwa kipo kilimani ule mwanga ulionekana mbali. Mtu mmoja alikuja kuuliza kuna nini. Akaenda kuwaambia wengine. Kufikia usiku wa pili palikuwa na moto, palikuwa na mikungu, wanaume wamekata nyasi, na Skolastika alizikwa na watu wanaoimba. Taa ikawaka mpaka ikafa, kama kawaida yetu, na haikuamka tena. Wewe ulisomea kibatari wiki nzima macho yakitoa machozi, na majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa shuleni lako halikuwapo.

Watu wameniambia shule yenu ilitoa watoto wachache tu mwaka ule, kwamba huenda usingechaguliwa hata ukiwa na jua mezani. Sitajificha nyuma ya hilo. Nawe usilipokee kwa yeyote. Nimekuona ukiwatazama wenzako wakirudi likizo na sare zao za sekondari, na sasa unakwenda kuwashonea wengine sare hizo. Naumia kila nikiona. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Lakini unataka ukweli, na ukweli ni kwamba Nestori akisimama mlangoni kesho, nitampa tena. Siwezi kuomba msamaha kwa kumpa. Nimejaribu mara nyingi jioni hii kuiandika sentensi hiyo ili uondoke umeridhika, na nimeifuta kila mara.

Ninaloomba msamaha ni jingine. Ulisema "Mama, mtihani," na mimi nikasema "Najua," nikageuza mgongo. Sikukaa nikuambie nilichokiona kule. Sikukuambia habari ya yule mtoto mlangoni anayetazama njia. Mwanga ule ulikuwa wako wiki ile, na nilikunyang'anya nikaenda kuutoa kwa mkono wangu. Kama ningekuuliza, labda ungekataa, na nisingekulaumu, ulikuwa mtoto mwenye mtihani. Labda ungefunga daftari ukanisaidia kufungua nyaya. Sitajua kamwe, na wewe pia hutajua, na hilo ndilo nililokuibia hasa. Nisamehe hilo ukiweza.

Ukishasoma usije kunikumbatia na kulia, baba yako atataka kujua kuna nini na gari litatuacha. Nitakusindikiza mpaka Omurushaka. Baba yako atataka nishuke nikusaidie kuchagua, lakini mimi nitabaki ndani ya gari. Ingia dukani mwenyewe, na utakayotoka nayo ndiyo betri yako.

Ni mimi mama yako